Wasomaji Wanauliza: Kadi za Mkono, Rangi za Majani na Beti za Kuandikia

Ukurasa wetu wa kadi za salamu zinazotengenezwa kwa mkono, zile za maua makavu, rangi za mimea na ubeti mfupi ndani, umeleta barua nyingi, na fungu kubwa limetoka Mtwara na Lindi. Hapa tunajibu zile zinazouliza yanayowasumbua wengi. Vijiko tunavyotaja ni hivi vya nyumbani: cha chai mililita 5, cha chakula mililita 15. Karatasi, kama hatukusema vingine, ni manila nyeupe ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. A4 moja ukiikata katikati na kukunja kila nusu unapata kadi mbili za milimita 105 kwa 148, zinazoingia kwenye bahasha ya C6 bila kubanwa.

Maua yanageuka rangi ya ugoro

*Shikamooni. Nakausha maua ndani ya vitabu vya zamani. Nikiyatoa baada ya wiki mbili yamekuwa rangi ya ugoro, na mengine yameota kuvu nyeupe. Huku juu asubuhi kuna ukungu mzito. Nifanyeje? – Binti wa Newala*

Marahaba, binti. Una matatizo mawili, tuanze na kuvu. Kuvu inaota kwa sababu maji ya ua yamekosa pa kwenda. Kitabu kinabana tu, hakinyonyi, na karatasi za kung'aa ndiyo kabisa, maana zimepakwa dawa inayozuia maji kupenya. Tafuta gazeti la kawaida, lile linalochafua vidole. Weka kurasa sita chini na sita juu, na pale ua linapogusa weka karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu, la sivyo wino wa gazeti utahamia kwenye petali. Juu yake ubao, na juu ya ubao tofali moja au mawili.

Kazi yenyewe iko kwenye kubadilisha magazeti. Siku ya kwanza badilisha jioni ile ile, kwa kuwa ua hutoa maji mengi katika saa za mwanzo. Badilisha tena kesho yake, kisha kila baada ya siku mbili. Magazeti yaliyolowa yaanike juani, yakikauka yanarudi kazini. Ua jembamba litakuwa tayari kati ya siku 7 na 10 wakati wa kusi, na hata siku 14 au zaidi kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zinapokuwa zimeshika. Usihesabu siku tu, ligusishe ua kwenye mdomo wa juu. Likiwa na ubaridi, bado lina maji. Likiwa na joto sawa na karatasi iliyo kando yake, limekauka.

Rangi ya ugoro ni jambo jingine. Ua likichubuka au likikaa na maji muda mrefu, viini vyake hukutana na hewa na kuwa kahawia, kama ndizi iliyomenywa. Chuma saa nne asubuhi, umande ukishakauka na jua halijayanyong'onyeza maua, uyabane ndani ya nusu saa. Na uchague ua linalofaa. Bogenvilia ndiyo rahisi kuliko yote: kile tunachokiita ua ni majani yaliyogeuka rangi, membamba na yasiyo na maji mengi, na rangi yake inakaa. Petali za mkrismasi zibane moja moja, usibane ua zima. Maua ya njano ya mjohoro yanakubali. Majani machanga ya mkorosho, yale mekundu ya ncha, yanageuka rangi ya shaba ambayo hakuna kopo la rangi litakupa. Asmini, kilua, mlangilangi na msanapichi waachie watengeneza vikuba. Ni maua mazito, yamejaa maji, na hata ukiyakausha kwa uangalifu wote yanaishia kahawia.

Ukibanwa na muda, tumia pasi isiyo na mvuke, kwenye moto mdogo kabisa. Ua liwe katikati ya karatasi mbili nyeupe. Kandamiza sekunde 10, inua, acha lipoe, rudia mara tano au sita. Usiburuze pasi, utalikunja ua. Pasi ya mkaa hatuishauri, kwa sababu huwezi kujua joto lake mpaka jani limeshaungua.

Yaliyokauka yatie kwenye bahasha za karatasi, bahasha ndani ya mkebe wenye kifuniko, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu, vijiko vitatu hivi. Mchele ukaange upya kila mwezi wakati wa mvua.

Rozela imenigeuka

*Nilipaka kadi za Idi kwa maji ya rozela. Jioni zilikuwa nyekundu za kupendeza, asubuhi nimezikuta za zambarau iliyochanganyika na kijivu. Je, dukani nimeuziwa karatasi mbovu? – Msomaji, Lindi mjini*

Karatasi si mbovu, ni nyeupe kupita kiasi kwa rozela. Karatasi nyingi za siku hizi, za fotokopi na hata manila, hutiwa unga laini wa chokaa ili ziwe nyeupe na zisichakae upesi. Wekundu wa rozela husimama panapo uchachu tu. Ukikutana na chokaa unakwenda zambarau, kisha bluu, na chokaa ikizidi unaelekea kijani. Ukitaka kuijua karatasi yako, dondoshea siki kwenye kona na uitazame kwa karibu: vipovu vidogo vikitokea, chokaa ipo.

Unaweza kuichelewesha. Changanya maji ya limao kipimo kimoja na maji ya kawaida vipimo vitatu, paka kwenye karatasi, acha ikauke, ndipo upake rozela iliyochemshwa dakika 15, gramu 20 za makavu kwa mililita 200 za maji. Itakaa nyekundu kwa muda. Lakini limao likizidi karatasi inakuwa dhaifu, na mwanga utaila rangi hiyo hata kama uchachu upo. Sisi tungeiacha rozela ifanye inavyotaka. Paka kadi nzima, subiri ikauke, halafu chora kwa kijiti cha meno kilichochovywa kwenye limao, na kingine kwenye maji yenye magadi kidogo. Cha limao kinatoa mstari wa waridi, cha magadi mstari wa bluu-kijani, juu ya karatasi moja na kwa rangi moja. Watoto wanaipenda kuliko chochote. Ifanye kwenye ukurasa wa ndani ambako mwanga haufiki kila saa.

Kwa kadi unayotaka idumu ukutani, tafuta rangi nyingine. Zinazodumu ni zile zenye ukakasi, yaani mimea inayokausha ulimi ukiitafuna: majani ya mkungu, ngozi nyembamba ya punje ya korosho, magome ya mwembe. Zote ni za kahawia, na kwa chuma zinakwenda kijivu na nyeusi. Maganda ya vitunguu yanafuata: gramu 20 kwa nusu lita, chemsha dakika 30, chuja, tia robo kijiko cha chai cha shabu, nawe utapata dhahabu inayostahimili kiasi. Manjano, rozela na kiazi chekundu cha saladi viko mkiani. Vinang'aa siku ya kwanza, lakini ukivianika dirishani wiki chache tu vinafifia.

Zingefuri inahitaji neno lake. Wengi wanachemsha mbegu kwa maji matupu wanaambulia maji ya rangi ya chai, kisha wanaulaumu mzingefuri. Rangi ile haipendi maji, inapenda mafuta, na mafuta hayafai kwenye karatasi. Tia mbegu kijiko kimoja cha chakula kwenye mililita 100 za maji ya moto yenye robo kijiko cha chai cha magadi, sugua mbegu kwa kijiko dakika kumi, chuja. Hapo rangi ya chungwa itatoka.

Wino wa misumari unakula kadi

*Wino mweusi wa misumari na siki unaandika vizuri, lakini kadi za mwaka jana zimetokeza utando wa kutu pembeni mwa herufi, na mbili zimepasuka palipoandikwa. – Mchora mabango, Mtwara*

Wino wako umezidi chuma. Weusi wa wino huu unatokana na chuma kushikana na ukakasi wa mmea. Chuma kisichopata cha kushikana nacho kinabaki peke yake, kinaota kutu na kuikata karatasi taratibu, na siki iliyobaki inakisaidia. Ulaya waliandikia wino wa jamii hii kwa karne nyingi, na zipo nyaraka zao zilizotoboka herufi kwa herufi.

Kwa hiyo anza na ukakasi, chuma kije mwisho, kwa matone. Huku kwenu malighafi iko tele na hutupwa: ile ngozi nyembamba ya kahawia-nyekundu inayobaki punje ya korosho inapomenywa baada ya kubanguliwa. Chukua gramu 30, loweka kwenye nusu lita ya maji usiku kucha, kesho yake chemsha kwa moto mdogo kama saa moja mpaka yabaki mililita 150 hivi. Chuja mara mbili kwa kitambaa cha pamba, bila kukamua, kwa sababu ukikamua unapitisha unga utakaoziba kalamu.

Tunasisitiza, na hapa hatutanii: ni ngozi ya ndani, si ganda la nje. Ganda la nje lina mafuta yanayounguza ngozi ya mtu na moshi wake unaumiza macho. Usilichemshe, usilitwange, wala usiliguse kwa mkono mtupu. Hata hiyo ngozi ya ndani, kama korosho zilichomwa kienyeji, inaweza kuwa na masalia ya mafuta, kwa hiyo vaa glavu unapoiosha.

Maji ya chuma yanatengenezwa hivi: misumari yenye kutu gramu 100, siki mililita 250, chupa ya kioo, kifuniko kilegezwe maana ndani kunatoka gesi. Baada ya wiki moja hadi mbili siki itakuwa ya kahawia. Chuja.

Sasa pima vijiko vitano vya chakula vya maji ya korosho, tia maji ya chuma kijiko kimoja cha chai, koroga, chora mstari kwenye kipande cha manila ile ile utakayotumia. Utauona mstari wa kijivu hafifu. Usiongeze chuma. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wino huu unaiva kwa hewa, na weusi wake kamili huja kesho yake. Baada ya saa 24 tazama ukingo wa mstari. Ukiona utando wa rangi ya kutu, chuma kimezidi, ongeza maji ya korosho. Ukiona mstari ni mweusi na ukingo ni safi, simama hapo. Kama bado ni kahawia, ongeza matone matano ya chuma, ujaribu tena.

Uzito wa wino unatoka kwenye mkorosho huo huo. Vidonge vya utomvu mkavu vinavyong'ang'ania kwenye shina, vile vya rangi ya asali, huyeyuka kwenye maji na vinafanya kazi ya gundi. Kidonge cha ukubwa wa karanga kiloweke usiku kwenye vijiko viwili vya chakula vya maji, chuja, tia kijiko kimoja cha chai kwenye wino wako. Bila utomvu wino unakimbia kwenye nyuzi za karatasi. Ukizidi, herufi zinang'aa na kupasuka kadi inapokunjwa. Punje mbili za karafuu ndani ya chupa zitachelewesha kuvu.

Kama kadi ni ya kuwekwa miaka mingi, kwa mfano ya harusi, acha chuma kabisa. Maji ya korosho peke yake, yakipunguzwa mpaka yabaki mililita 80, yanatoa kahawia nzito isiyo na madhara hayo.

Na juisi ya mabibo? Tumeulizwa na watatu. Inatia doa kweli, kila aliyewahi kuchafua shati anajua. Ila ina sukari: kadi inanata, na sisimizi wanaifuata mpaka ndani ya bahasha.

Majani yametoka doa moja

*Tumejaribu kuchapa majani kwenye karatasi kwa mvuke. Tulipofungua tulikuta doa la kahawia tu, hakuna umbo wala mshipa wa jani. – Kikundi cha akina mama, Masasi*

Akina mama, mambo mawili yanafanya hivyo, maji mengi na kufunga kulegea. Umbo la jani linatokea pale tu jani linapoigusa karatasi kwa kubanwa. Palipo na mwanya rangi inatembea. Rudieni hivi.

Lowekeni karatasi nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye shabu, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Itoeni, ikandamizeni kati ya taulo mbili mpaka isichuruzike, iwe na unyevu wa nguo iliyokaribia kupigwa pasi. Majani nayo yachovyeni dakika tano kwenye nusu lita ya maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha maji ya chuma, yale tuliyoyaeleza juu, kisha yapanguseni. Yapangeni upande wa mishipa ukitazama karatasi, kwa sababu huko ndiko mishipa imetokeza na ndiko rangi inakotoka zaidi.

Karatasi, jani, karatasi, jani, zisizidi sita. Chini na juu wekeni kigae cha sakafuni, fungeni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande, mvute kwa nguvu zote, pande zote mbili kama mnavyofunga mzigo wa kuni. Wekeni juu ya mawe matatu ndani ya sufuria, maji yasifike kwenye kigae, funikeni. Mvuke saa moja na nusu. Halafu, na hili ndilo gumu, msifungue. Liacheni furushi lipoe kabisa, ikiwezekana mpaka asubuhi. Likifunguliwa la moto, mvuke uliojificha unatelezesha rangi.

Kuhusu majani: la mkungu lililoanguka likiwa jekundu linatoa kijivu chenye mishipa myeusi. La mkaratusi linaweza kutoa hata rangi ya chungwa. Waliopanda mitiki wachukue majani machanga ya juu, yale ambayo ukiyasugua kiganjani yanaacha wekundu, maana yanatoa zambarau iliyokoza, na hayahitaji chuma. Jani la mwembe halitoi kitu cha maana, na utomvu wake unawawasha baadhi ya watu. Jani la mwarobaini ni dogo mno kwa mvuke, likausheni mlibandike.

Karatasi ya fotokopi itachanika. Manila ya gramu 250 inavumilia, ila ikae kwenye mvuke kwa muda huo tu, usizidi. Sufuria mliyotumia kwa shabu na chuma isirudi jikoni.

Ubeti hautoshi kwenye kadi

*Wanafunzi wangu wanatunga beti za kadi za harusi na mahafali. Shairi la mizani 16 kwa mshororo halienei, na tukifupisha mizani inapotea. Huu ni mmoja wao: "Nyumba yenu iwe njema / Mwenyezi Mungu awabariki / Mume na mke wapendane." Mshororo wa nne umemshinda. – Mwalimu, Nachingwea*

Mwalimu, hesabu ya rula inakupa haki. Kadi ina upana wa milimita 105. Ukiacha pambizo ya milimita 15 kila upande unabaki na 75. Herufi ya mkono inayosomeka bila miwani inachukua kama milimita 3. Mshororo wa mizani 16 una herufi 35 na zaidi, yaani zaidi ya milimita 100. Hauingii, na ukiukata katikati umeonekana kama mishororo miwili ya bahati mbaya. Chukueni utenzi: mishororo minne, mizani 8 kila mmoja, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne una kina chake. Mshororo wa utenzi una herufi 18 hivi. Unakaa.

Sasa ubeti wa mwanafunzi. Wa kwanza ni sahihi: nyu-mba-ye-nu-i-we-nje-ma, nane. Wa pili una kumi: mwe-nye-zi-mu-ngu-a-wa-ba-ri-ki. Wa tatu pengine aliuhesabu nane, lakini una tisa, kwa sababu "mke" ni mizani mbili, m-ke, kama "mtu" na "mvi". Hili ndilo kosa la kila darasa. M inayosimama mbele ya konsonanti nyingine hutamkwa peke yake na huhesabiwa. "Mb" ya nyumba, "mw" ya Mwenyezi na "ng" ya Mungu haihesabiwi kwa sababu inakwenda na irabu yake kwa pumzi moja. Wapigishe makofi wanapotamka. Kofi halidanganyi.

Kina cha mwisho ni "ma", basi kifuatwe:

Nyumba yenu iwe njema,
Mungu awape neema,
Muishi kwa taadhima,
Mume, mke, pendaneni.

Angalia "neema" ina mizani tatu na "taadhima" nne. Irabu mbili zikifuatana kila moja inahesabiwa. Mshororo wa nne umeachiwa uwe huru kwa kina, na kwa kuwa ni agizo na si dua kama ile mitatu ya juu, unafunga ubeti vizuri. Kama watatunga beti tatu kwa kadi kubwa, kina cha "ni" kirudi mwishoni mwa kila ubeti.

Wasiweke jina la mtu ndani ya ubeti. Jina likiwa na silabi nyingi linavunja mizani, na kadi haiuziki kwa mwingine. Jina likae juu, nje ya ubeti.

Mpangilio waupate kwenye kanga: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini ya mji. Rangi ya mmea iwe pindo la milimita 10 hivi, ua likae kwenye mji, na maneno ya nje ya kadi, mstari mmoja tu kama "Idi njema ndugu yangu", yakae pale jina la kanga linapokaa. Ubeti wote uwe ndani. Kadi nyingi tunazoletewa zina ubeti, maua matano na kumetameta nje, jicho halijui lianzie wapi.

Kalamu ya tete inatosha. Tete kavu la unene wa penseli, likatwe mshazari, lipasuliwe sentimita moja kwenye ncha, na ncha iwe na upana wa milimita moja na nusu. Wino ukisambaa kama mizizi, karatasi imepoteza dawa yake ya kuzuia wino kupenya ilipoloweshwa. Pika wanga wa muhogo kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 250 za maji mpaka yang'ae, paka mara moja kwa brashi, kausha, bana chini ya vitabu usiku mmoja, ndipo uandike.

Na mfuatano wa kazi uwe huu: rangi, kukausha, kubana, kukunja, kuandika, ua mwisho. Mwanafunzi akikosea herufi ya mwisho, apoteze karatasi peke yake.

Ya haraka haraka

*Gundi gani isiyotia madoa?* Uji wa wanga wa muhogo: kijiko kimoja cha chakula kwa vinane vya maji baridi, koroga kwanza, pika mpaka ung'ae. Unakaa siku mbili tu. Gundi nyeupe ya mbao inafaa pia ukiizimua nusu kwa nusu. Kwa vyovyote weka nukta kwa kijiti cha meno, kwenye kikonyo na katikati ya ua, usipake ua zima. Karatasi hutanuka na kunywea na hewa ya bahari, na ua lililogandishwa lote linapasuka. Gundi ya wanga inapendwa na mende, kwa hiyo kadi za kuuza zikae ndani ya mkebe.

*Naweza kufunika ua kwa selotepu pana?* Hapana. Inafungia unyevu, na baadaye inageuka njano yenyewe. Karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga, ikishikwa kwa gundi upande wa mkunjo tu, inatosha.

*Magome ya mkandaa yanatoa kahawia nzuri. Niyapate wapi?* Usiyabandue. Mikoko ni misitu iliyohifadhiwa kisheria, kuikata kunahitaji kibali, na mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina unakufa. Mkungu na korosho vitakupa rangi ya jamii hiyo hiyo.

*Kadi inavunjika kwenye mkunjo.* Umekunja kinyume cha nyuzi. Ipinde manila kidogo kwa kila upande bila kuivunja. Upande unaokubali kirahisi ndio nyuzi zinakokwenda, na mkunjo ufuate huko. Kabla ya kukunja pitisha rula na kalamu ya bic iliyokwisha wino.

*Wageni wanaokuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani wananunua kadi zangu kwenda nazo kwao. Kuna tatizo?* Jani au petali iliyokauka kabisa huwa haina shida kubwa, lakini mbegu ziache, hata zile nyekundu za kuvutia. Australia na New Zealand hukagua vitu vya mimea kwa ukali, na mzigo unaweza kuzuiwa. Kwa mgeni wa huko muuzie kadi iliyochapwa jani kwa mvuke: umbo lipo, jani halipo. Na anayetuma kwa basi kwenda Dar es Salaam aweke kadi kati ya vipande viwili vya boksi, afunge pembe zote nne, kisha aandike "upande wa juu", maana mizigo hupangwa kwa kulazwa na kinachokaa chini hukandamizwa.